Mama Mamba na Kundi la Kwanza la Ningu

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnaitikia kama mmelala njaa? Ugali wangu mmekula, mchuzi mmelamba mpaka sufuria imeng'aa. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Sasa kila mtu avute mahindi mbele yake apukuchue, maana masikio yakifanya kazi mikono haina ruhusa ya kulala. Shemeji Masalu, na wewe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe siku ya jembe imekupita zamani, basi shika hindi.

Nyanzala, rudisha hilo. Hayo yaliyofungwa maganda kwa maganda, yanayoning'inia juu ya moshi, hayapukuchuliwi. Usiniulize kwa nini. Kaa usikilize.

Hapo zamani za kale palikuwa na mto. Uliitwa Nyamwela. Ulianzia milimani ukiwa mwembamba, hata mtoto angeuruka. Ukashuka. Ukapokea kijito huku, ukapokea kijito kule, na kila kijito kilikuwa na jina lake na wenyewe. Ulipofika bondeni ulikuwa mto wa kweli, una kina, una kelele. Halafu ukaingia ziwani, ukanyamaza.

Kule ziwani waliishi ningu. Ningu ni samaki mwenye mdomo unaotazama chini, kama mtu aliyeangusha sindano anaitafuta. Anakula ziwani, ananenepa ziwani, lakini kuzaa hazalii ziwani. Mvua ya masika ikipiga milimani, maji ya mto yanakuwa mekundu. Harufu ya tope hilo inasafiri mpaka ziwani. Ningu akiisikia hakai. Anageuza kichwa, anaanza kupanda. Chubwi, chubwi, chubwi, mpaka juu kabisa, mahali panapoitwa Majanini, ambako mto hufurika na nyasi husimama ndani ya maji. Hapo ndipo anapotaga. Watoto wanaanguliwa kwenye nyasi, wanakula, wanapata nguvu, na mafuriko yakirudi yanawabeba mpaka ziwani. Wakikua, na wao wanapanda.

Na mto mzima ulikuwa ukila kwa sababu hiyo. Mama Mamba alikula. Korongo alikula. Fisi Maji alikula. Msicheke huko nyuma, sikusema fisi. Fisi maji ni mnyama mwembamba mwenye masharubu, anaogelea vizuri kuliko anavyotembea, na hana undugu wowote na yule mwizi wa mbuzi. Hata Kiboko, ambaye samaki hali, alikuwa na fungu lake. Ningu wakipita kwake walimtafuna uchafu mgongoni, nyonyo, nyonyo, nyonyo, naye akafumba macho akalala.

Lakini palikuwa na mwiko. Kati ya Majanini na ziwa, mto unabanwa na miamba miwili. Pakaitwa Mlangoni. Kila ningu lazima apite hapo. Juu ya mwamba alikaa Mdiria, ndege mdogo wa buluu mwenye mdomo mrefu kuliko akili ya wengi wenu, na yeye ndiye alikuwa mlinzi. Kundi la kwanza likifika Mlangoni, Mdiria aliimba:

*Pita, mama, pita,*
*juu kuna majani,*
*chini kuna meno,*
*meno leo yamelala.*

Na wanyama wote kwenye kingo walijibu: yamelala. Haya, jibuni na nyie.

Yamelala!

Vizuri. Mdiria alipoimba, hakuna aliyegusa. Kundi la kwanza lilikuwa la mbegu. Kundi la pili likifika, Mdiria alinyamaza, na kunyamaza kwake maana yake ilikuwa moja tu: kuleni. Basi walikula, na waliobaki walipita, na mwaka uliofuata ningu walikuwa walewale, wengi vilevile.

Sasa, mwaka mmoja mvua ilikataa.

Jua liliwaka. Mto ukakonda. Ukawa vidimbwi, vidimbwi vikawa tope, tope likapasuka. Bwana Kiboko alisimama kwenye dimbwi la mwisho, maji yakimfika magotini, na ngozi ikaanza kumchanika. Ndama wake wakamwambia, "Baba, jua linatuuma." Kiboko akaapa kwamba jambo hilo halitamkuta mara ya pili.

Akawaita Nyani, kwa kuwa Nyani wana mikono. Akawaambia, "Zibeni Mlangoni. Mvua ikija maji yasikimbilie ziwani yakatuacha. Yakae hapa, yatungoje."

Nyani wakaona ni shauri jema. Jiwe juu ya jiwe, gogo juu ya gogo, tope katikati. Ti, ti, ti. Ukuta ukasimama kutoka mwamba huu mpaka mwamba ule. Mvua ndogo ilipokuja, maji yalijaa nyuma ya ukuta, bwawa likatanda, na wanyama wote wakaja kunywa na kumsifu Kiboko. Na mimi simlaumu. Mtu mwenye kiu hakumbuki samaki.

Kisha masika yenyewe yakaja. Maji mekundu yakamwagika juu ya ukuta, harufu ikafika ziwani, ningu wakageuza vichwa. Chubwi, chubwi, chubwi. Wakafika Mlangoni.

Pu!

Wakarudi nyuma, wakaja tena.

Pu! Pu!

Mdiria alikuwa ameshaanza wimbo. *Pita, mama, pita.* Apite wapi? Ningu walijazana chini ya ukuta, mgongo juu ya mgongo, matumbo yamejaa mayai, wanahema. Kingoni walisimama Mama Mamba na Korongo na wenzao, na njaa ya kiangazi kizima bado ilikuwa matumboni mwao.

Korongo ni ndege mrefu mwenye maneno marefu. Akasema, "Jamani, mwiko ni wa samaki wanaopita. Hawa hawapiti. Wamekwama. Watakufa hapa hapa na watatunukia. Kuwaacha waoze ndiyo itakuwa dhambi."

"Korongo ana akili," akasema Mama Mamba, na meno yalikuwa yameshaamka.

Mdiria aliimba mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyeitikia. Akaruka akaenda zake.

Walikula. Walikula asubuhi, wakala mchana, wakala wakiwa wameshiba. Mwaka uliofuata ningu walikuja pungufu, wakagonga ukuta, wakaliwa. Mwaka mwingine wakaja wachache zaidi, wakaliwa hao. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Yakaja masika ambapo maji mekundu yalishuka mpaka ziwani, yakaita, na mtoni hakupanda samaki hata mmoja.

Ndipo njaa ilipohamia mtoni ikaweka virago chini.

Mama Mamba alikonda mpaka mbavu zikahesabika. Korongo mwenye maneno marefu alikuwa akikimbiza panzi, na panzi walikuwa wakimshinda. Kiboko hakuwa na njaa, nyasi zilikuwepo, lakini hakuwa na wa kumsafisha. Ngozi ikamwasha, ikamtoka vidonda, usingizi ukamhama. Akawa anajikuna kwenye miamba kutwa, kru, kru, kru.

Na kule juu, Majanini, aliishi Mama Fisi Maji na watoto wake watatu. Aliwalisha kaa mpaka kaa wakaisha. Aliwalisha vyura mpaka vyura wakaisha. Yule wa mwisho, aliyeitwa Kitinda, alikuwa akilia njaa kila asubuhi. Siku moja hakulia. Alilala tu, macho wazi, anamtazama mama yake.

Mtoto akilia njaa, mama anaumia. Mtoto akiacha kulia, mama anaogopa. Mama Fisi Maji aliwaacha watoto kwa dada yake, akaufuata mto kwenda chini kujua kulikoni.

Alifika bwawani. Akamkuta Kiboko anajikuna.

"Hodi, Bwana Kiboko."

"Karibu, mama. Samahani siinuki, ngozi inaniwasha."

"Ningu wako wapi?"

"Hilo nami ndilo ninalojiuliza kila nikijikuna."

Mama Fisi Maji akautazama ukuta. Akapiga mbizi mbele yake, akazunguka nyuma yake, akaona mifupa ya samaki imelala chini kama changarawe. Akaibuka.

"Bwana Kiboko, samaki wetu hawakupotea. Waligonga hodi hapa kwako, hamkuwafungulia."

Kiboko akaacha kujikuna. Jambo hilo hakuwa amelifikiria, kwa sababu upande wa chini wa ukuta alikuwa akipita usiku tu, akifuata nyasi. Lakini ukuta ulikuwa wake, na mtu na jengo lake! "Siuvunji," akasema. "Nina ndama. Kiangazi kikirudi niwaweke wapi?"

Mama Fisi Maji akawatazama wale ndama. Walikuwa wanalala kwenye kina, pua tu ndizo zimetokeza. Na yeye alikuwa mama, hakuweza kumwambia mzazi mwenzake, wako wafe wangu wapone.

"Sijasema uuvunje," akajibu. Akatazama kando. Pembeni mwa mwamba palikuwa na njia, imekatwa ndani ya udongo kama mfereji, inatoka bwawani, inazunguka, inashuka mpaka mtoni upande wa chini. "Ile nani kaichimba?"

"Ile? Hakuna aliyeichimba. Ni miguu yangu tu na ya mke wangu, tukienda malishoni."

"Basi endeleeni kutembea."

Kiboko akacheka. Akaona mwenzake hacheki. Akamwita mkewe, akawaita ndama, wakaanza. Ndi, ndi, ndi, kwenda. Ndi, ndi, ndi, kurudi. Walikanyaga asubuhi, wakakanyaga jioni, uzito wa kiboko mnaujua. Njia ikashuka, ikashuka, mpaka siku moja maji ya bwawa yakaiona. Shwaaa! Yakaingia, yakazunguka mwamba, yakarudi mtoni. Ukuta ukabaki, na maji yakapata mlango wa uani.

Wanyama wakashangilia. Mama Fisi Maji akasema, "Ngojeni kwanza." Akajitosa upande wa chini ajaribu kuupanda ule mkondo. Maji yakampokea, yakambinua kichwa chini miguu juu, yakamtupa kwenye matete. Akajaribu tena, yakamtupa tena.

"Mimi nina miguu na nimeshindwa," akasema huku akitema tope. "Ningu ataweza?"

Hakuna aliyejua. Korongo akataka kueleza, wakamwambia anyamaze. Mama Fisi Maji akaona hakuna haja ya kubuni wakati mwenye safari yupo. Akaenda ziwani kumtafuta ningu.

Alitafuta kwenye miamba, hakuna. Alitafuta kwenye mchanga, hakuna. Mwisho, ndani ya matete, akakuta kikundi kidogo cha ningu vijana, na mbele yao bibi mmoja, magamba yamefifia, pezi moja limechanika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Simama hapohapo ulipo."

"Sikuja kula, bibi."

"Hilo ndilo huwa la kwanza kusemwa," akasema Bibi Ningu. "Sema shida yako ukiwa huko."

Mama Fisi Maji akaeleza. Akaeleza ukuta, akaeleza njaa, akamtaja Kitinda. Akaeleza na ule mkondo. Bibi Ningu akasikiliza mpaka mwisho.

"Dada zangu wamekufia Mlangoni," akasema. "Siku ile nilikuwa nyuma ya kundi, ndiyo maana unaniona. Hawa nilionao walianguliwa mwaka wa mwisho kabla ya ukuta. Kutoka Majanini walibebwa wakiwa wadogo kama punje, hawapakumbuki. Njia naijua mimi peke yangu. Nikifa Mlangoni, njia imekufa na mimi, na ziwani hatuzai. Unaelewa unaniomba nini?"

"Naelewa, bibi."

"Haya. Huo mkondo wenu unashuka mfululizo?"

"Mfululizo."

"Mimi si panzi. Umeshamwona mwanamke mwenye mtungi kichwani anapanda mlima? Anapanda kidogo, anasimama. Anapanda kidogo, anasimama. Na mimi huo mtungi ninao tumboni. Niwekeeni mahali pa kusimama."

"Tutaweka. Nini tena?"

"Meno."

"Mama Mamba tutamfunga mdomo kwa kamba, bibi. Tutamfunga barabara."

Bibi Ningu akatikisa mkia. "Mdomo uliofungwa kamba haujaahidi kitu. Kamba ikikatika je? Na mwaka wa pili mtamfunga tena, na wa tatu? Mwambie alale kwenye mdomo wa huo mkondo. Na wake aufumbue. Wazi kabisa, nione meno yote. Nikipita na usifungwe, nitajua mwiko umerudi, nitawapeleka wajukuu wangu Majanini. Ukifungwa, basi, yatakuwa yamekwisha kwa wote."

Mama Fisi Maji akarudi mbio. Nyani wakaitwa, wakaja wananung'unika, maana walidhani kazi ya mawe waliimaliza. Wakapanga mawe ndani ya mkondo. Ngazi, kidimbwi. Ngazi, kidimbwi. Katika kila kidimbwi maji yalipunguza hasira, yakazunguka taratibu. Mama Fisi Maji akajitosa tena. Akapanda, akapumzika. Akapanda, akapumzika. Akatokea bwawani na masharubu yake hayakuharibika.

Ikabaki ile kazi nyingine.

Alimkuta Mama Mamba kwenye mchanga, amelala kama gogo lililotupwa.

"Mdomo wazi?" akauliza Mama Mamba.

"Wazi."

"Samaki wapite mbele yake?"

"Mbele yake."

"Na nisile?"

"Usile."

Mama Mamba akainua kichwa. "Mwenzangu," akasema, "unanitania. Njaa niliyo nayo, hata wewe nakuvumilia tu kwa sababu una habari. Mdomo wangu ukiguswa unajifunga wenyewe. Ndivyo nilivyoumbwa."

Mama Fisi Maji akasogea hatua moja karibu, na msidhani hakuogopa. "Nikuulize. Watoto wako wakitoka kwenye mayai huko mchangani, majini unawapeleka kwa kitu gani?"

"Nawabeba."

"Kwa mkono?"

"Mikono gani? Kwa mdomo."

"Wanakugusa meno?"

"Wanagusa. Wengine wanakaa juu ya ulimi."

"Wangapi umewahi kuwafungia?"

Mama Mamba akatazama maji. "Hakuna," akasema.

"Basi mdomo wako unajua. Mimi sikufundishi kitu. Nakukumbusha tu."

Mama Mamba akafumba macho, akajilaza tena kama gogo. Lakini mawingu yalipokusanyika milimani, alijiburuta, mbavu zinaonekana, akaenda kulala penye mdomo wa mkondo.

Mvua ikapiga. Maji yakawa mekundu, harufu ikaenda ziwani. Wanyama wote wa mto wakaja Mlangoni, wakajipanga kingoni, wamekonda, wamenyamaza. Mdiria alikuwa amerudi juu ya mwamba wake. Mama Fisi Maji alimtafuta akamwomba msamaha kwa niaba ya wote, hata kwa makosa ambayo si yake.

Chubwi. Chubwi. Chubwi.

Wakatokea. Bibi Ningu mbele, wajukuu nyuma. Walikuwa wachache, jamani. Zamani kundi kama lile lingepita bila mtu kugeuka. Mama Mamba akafumbua mdomo. Haaa. Ukafunguka, ukafunguka, mpaka meno ya nyuma yakaonekana.

Bibi Ningu akasimama mbele ya meno. Wajukuu wakasimama. Mdiria akaanza, sauti inakwaruza kwa sababu ya miaka ya kukaa kimya:

*Pita, mama, pita,*
*juu kuna majani,*
*chini kuna meno,*
*meno leo yamelala.*

Itikieni, wanangu, msaidieni.

Yamelala!

Bibi Ningu akaingia. Mkondo pale ulikuwa mwembamba, akapita karibu kabisa, tumbo lake likasugua jino, na mkia wake ukapiga ulimi wa Mama Mamba. Pa. Utamu wa ningu ukamwenea kinywani, utamu aliokuwa akiuota. Taya zikatetemeka. Shingo ikakakamaa. Machozi yakaanza kumtoka. Nyie mnasema machozi ya mamba ni ya uongo, na mara nyingi mna haki. Siku ile yalikuwa ya kweli, yalitoka kwenye njaa yenyewe.

Mdomo haukufungwa.

Wajukuu wakafuata, mmoja, mmoja, mmoja. Kingoni wote walikuwa wanaimba sasa. Walibaki wawili watatu wa mwisho, na hapo Korongo akasafisha koo. "Jamani," akasema, "kwa kuwa kundi lenyewe limeshapita, hawa wa nyuma tunaweza kuwaita..." Na huku anasema, shingo ilikuwa inashuka.

Paa!

Mkia wa Mama Mamba ulimkuta kifuani, ukamtupa kwenye tope, miguu juu. Mdomo wake haukufungwa hata wakati ule.

"Meno yamelala," akasema Mdiria, "lakini naona mkia uko macho."

Wanyama walicheka, na hawakuwa wamecheka tangu njaa ije. Bibi Ningu alipanda, akapumzika. Akapanda, akapumzika. Akatokea bwawani. Kijana mmoja akamwona Kiboko, akasogea bila kufundishwa na mtu, akaanza kumtafuna mgongo. Nyonyo, nyonyo, nyonyo. Kiboko alilia kwa raha mpaka ndama wake wakaona haya.

Mama Fisi Maji hakungoja shangwe. Alikimbilia nyumbani, akafika Majanini pamoja na ningu. Nyasi zilikuwa zinazama. Kitinda alikuwa amelala palepale. Akainua kichwa, akaona mapezi yanapita kwenye nyasi, karibu kiasi cha kunyoosha mkono.

"Mama," akasema. "Samaki."

Lilikuwa neno lake la kwanza baada ya siku nyingi. Mama yake akatazama wale ningu. Walikuwa wazito, wamechoka, hata mtoto angewakamata. Hapo njaa ya Mama Mamba ikamhamia yeye. Kumwomba mwenzako asile ni rahisi. Wewe je, na mtoto wako yuko hapo?

Akamwambia, "Mwanangu, hao bado si samaki. Hao ni mbegu."

Akageuka, akalia, na huku analia akajitosa kwenye tope upande mwingine. Mafuriko yalikuwa yamewaamsha vyura. Akachimba mpaka kucha zikamtoka damu, akapata chura mmoja, mwembamba kama yeye. Akamtafunia Kitinda, akamlisha. Akarudi kuchimba. Akapata mwingine. Kitinda akala, akalala, na alipoamka akalia njaa kwa sauti kubwa. Mama yake hakuwa amewahi kusikia wimbo mzuri kama ule.

Ningu wakataga. Mayai yakashika kwenye nyasi, yakaanguliwa, watoto wakashuka na maji. Bibi Ningu naye akashuka. Alipofika chini ya mkondo alimkuta Mama Mamba bado amelala palepale, mdomo wazi.

"Funga sasa, mwenzangu," akasema. "Nzi wanaingia."

Mwaka wa pili wakapanda wengi kidogo. Mdiria akaimba mchana kutwa, hakunyamaza, hakuna aliyekula. Watu wa mto waliishi kwa kaa na vyura na uvumilivu. Mwaka uliofuata akaimba tena. Subira yavuta heri, lakini inavuta polepole, nani kawadanganya?

Kisha yakaja masika yale.

Sauti ilisikika kabla ya kuonekana kitu. Nyani waliisikia wakiwa juu ya miamba. Chubwichubwichubwichubwi. Maji yalikuwa mekundu, mara yakawa ya fedha. Ningu walijaa kutoka ukingo hadi ukingo, wengine wakapanda mgongoni kwa wenzao. Mdiria akapaza wimbo, na kundi la kwanza likapita, likapita, likapita, jua likapanda nalo bado linapita. Mama Mamba alilala pembeni, mdomo wazi, na safari hii alikuwa akiimba, ingawa kuimba na mdomo wazi si kazi nyepesi. Ningu wakajaa bwawani. Wakaingia kijito huku, wakaingia kijito kule, hata vijito vilivyokuwa vimesahau kwamba viliwahi kuwa na samaki.

Mwisho wa kundi ukapita. Maji yakatulia kidogo. Kisha, kutoka ziwani, likatokea kundi la pili, kubwa kuliko la kwanza.

Wote wakamtazama Mdiria.

Mdiria akalitazama kundi. Akatazama mbavu za Mama Mamba. Akamtazama Mama Fisi Maji, aliyeshuka na watoto wake watatu, na Kitinda alikuwa mbele.

Mdiria akanyamaza.

Hamkumbuki maana yake? Maana yake kuleni! Na walikula, ndugu zangu. Mama Mamba alikula, Kitinda alikula mpaka tumbo likawa ngoma, Korongo alikula bila kusema neno hata moja. Waliobaki wakapita, na walikuwa wengi kuliko walioliwa.

Basi shikeni hili mkalale nalo. Njia ya mwenzako usiizibe, maana chakula chako kinapita humo humo. Na cha mbegu hakiliwi, hata njaa ikiongea kwa maneno mazuri.

Hadithi yangu imeishia hapo, na mahindi ya kupukuchua yameishia hapo pia. Mwamsheni Shemeji Masalu. Na wewe Nyanzala, lile hindi ulilokuwa umelishika, lirudishe juu ya moshi, ulifunge vizuri.